Aliyeonyeshwa naye apimwe

Katika makanisa mengi ya Kilibula na kata nyingine za Uvira, mashariki mwa Kongo, anayesema "nimeonyeshwa" husikilizwa kuliko mwenye diploma. Anaweza kuamua ndoa ya mtu, safari, hata matibabu. Akitokea wa kuhoji, huambiwa kwamba Mtume Paulo aliikataa hekima ya wanadamu.

Paulo alifika Korintho mnamo mwaka 50. Ulikuwa mji wa bandari na biashara, na watu wake walipenda wasemaji hodari. Baadaye akaja Apolo, msomi wa Aleksandria, waumini wakagawanyika: huyu wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa. Barua ambayo Paulo aliwaandikia kutoka Efeso ilipiga majivuno hayo. Siri ya msalaba, alifundisha, haifikiwi kwa ufundi wa maneno. Roho ndiye anayeifunua.

Wengi huishia hapo. Lakini sura ya 14 ya barua hiyohiyo inawawekea manabii utaratibu: waseme wawili au watatu, kwa zamu, na wengine wayapime maneno yao. Anayeomba kwa roho aombe na kwa akili. Kwa hiyo Paulo aliyemnyenyekeza msomi ndiye aliyemnyima nabii kinga.

Uvira yenyewe ina ushahidi kwamba karama na tiba huenda pamoja. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika Uvira mwaka 1921, wakahubiri karama za Roho. Misheni hiyohiyo ikajenga hospitali huko Lemera, milimani. Hapo ndipo Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Bukavu, alipoanza kazi ya udaktari mwaka 1983. Amesimulia kwamba utotoni alimfuata baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akamuuliza kwa nini hampi dawa. Baba akajibu kuwa yeye si daktari. Mchungaji yule aliujua mpaka wa kazi yake, na mwanawe, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ni daktari na mhubiri pia.

Uvira ni mji wa kipindupindu, ugonjwa unaoweza kumuua mtu kwa saa chache ilhali maji ya chumvi na sukari yakiwahi huwaokoa wengi. Nabii anayemzuia mgonjwa asitibiwe hana Paulo wa kumtetea. Wachungaji, wapeni waumini ruhusa ya kupima kila unabii. Nanyi wenye wagonjwa, wakimbizeni hospitali. Maombi yaendelee njiani.