Kumvua Samoni Ukiwa Nchi Kavu

Katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, watu wengi wanaamini kwamba samoni ni samaki wa mwenye boti. Ni rahisi kuona imani hiyo imetoka wapi. Ikifika Agosti, maji ya ghuba ya Puget Sound hujaa boti ndogo zinazokokota mishipi mchana kutwa. Lakini siku hizohizo, samoni wengi wanapita karibu na mawe ya ufuoni kiasi kwamba mtu mwenye fimbo ya kuvulia na mkono wa kawaida anaweza kurusha chambo mbele ya pua zao. Wengine hupita ndani ya mita 20 kutoka ukingoni. Mimi nasema wazi: anayevua akiwa nchi kavu hajapungukiwa na kitu, alimradi aelewe kwa nini samaki huyu anaambaa na pwani, na anaambaa nayo wapi.

Tuanze na njia yake. Samoni aliyekulia bahari ya Pasifiki huanza safari ya kurudi mtoni alikozaliwa kwa kupita mlango wa bahari wa Juan de Fuca, ulio kati ya Washington na kisiwa cha Vancouver cha Kanada. Akifika mwisho wake anakata kusini na kuingia mkono wa bahari uitwao Admiralty Inlet, wenye kisiwa cha Whidbey upande wa mashariki na rasi ya Olympic upande wa magharibi. Mahali pake pembamba zaidi hapazidi sana kilomita 5. Chini kuna kizingiti chenye kina cha mita 65 hivi, ilhali bonde lililo ndani yake lina kina cha zaidi ya mita 200. Karibu maji yote ya Puget Sound huingia na kutoka kwa kuruka kizingiti hicho, mara nne kwa siku. Matokeo yake ni mkondo mkali unaochemka na kuzunguka hata siku isiyo na upepo. Samoni anayeelekea mto Snohomish, Green au Puyallup kwa kawaida hupita hapo.

Sasa fikiria samaki wa kilo 3 aliyesafiri maelfu ya kilomita, ambaye bado ana njia mbele yake. Maji yanapotoka kwa nguvu kuelekea baharini, kukaa katikati ya mlango ni kupoteza nguvu bure. Pembeni, msuguano wa mawe ya chini hupunguza kasi ya maji. Na pale ardhi inapochomoza kama rasi, mkondo hugonga ncha yake, hujitenga na ufuo, kisha nyuma ya ncha maji hujizungusha na kurudi polepole kinyume na mkondo mkubwa. Mpaka kati ya maji hayo mawili huonekana kwa macho: mstari wa povu na mwani, upande mmoja umesawijika na kukunjamana, upande wa pili umetulia. Samaki wadogo wasioweza kushindana na mkondo hukusanyika katika utulivu huo, na samoni hufuata chakula na mapumziko kwa wakati mmoja. Ndiyo maana majina ya sehemu mashuhuri za kuvulia bila chombo ni majina ya ncha za ardhi: Bush Point na Lagoon Point upande wa magharibi wa Whidbey, Possession Point kusini mwa kisiwa, na Point No Point ng'ambo ya maji. Ukifika ufuo usioujua, usiharakishe kufungua mkoba wa vifaa. Utafute kwanza mstari ule. Mstari ukiwa ndani ya umbali wa mtupo wako, umepata pa kusimama.

Chakula chenyewe kinazaliwa pale mvuvi anapokanyaga. Wako dagaa wawili ambao maisha ya samoni yanawategemea sana: mmoja mwembamba kama kamba ya kiatu, anayejifukia mchangani, na mwingine mwenye mwili wa fedha anayefanana na dagaa tuliowazoea. Wote wawili hutaga mayai kwenye mchanga na kokoto laini za sehemu ya juu ya ufuo, ile inayofunikwa na maji yakijaa tu. Zaidi ya robo ya pwani ya Puget Sound imejengewa kuta za zege na mawe makubwa ili kulinda nyumba na reli. Kuta hizo huziba udongo wa magenge usiporomoke na kulisha ufuo, mchanga hupungua, na mahali pa kutagia hutoweka. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu wengi wetu tunaopenda samoni huzungumza juu ya mabwawa ya mitoni na kusahau ukuta ulio mgongoni mwetu tunapovua.

Kuhusu maji kupwa na kujaa, msomaji aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja ana faida na hasara. Faida ni kwamba amezoea kupanga siku yake kwa maji. Hasara ni kwamba hesabu ya nyumbani itamdanganya. Kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku kwa vimo vinavyokaribiana, na anayejua umri wa mwezi anajua kama ni bamvua au maji mafu. Puget Sound nayo ina kujaa kuwili na kupwa kuwili, lakini havilingani hata kidogo. Siku moja maji yanaweza kupwa kidogo tu asubuhi, kisha baadaye yakapwa mpaka mawe ya chini kabisa yakaonekana. Seattle, tofauti ya wastani kati ya kujaa kukubwa na kupwa kukubwa ni kama mita 3 na nusu. Wakati wa kiangazi kule kupwa kukubwa huangukia mchana, na wakati wa baridi huangukia usiku. Kwa hiyo jedwali la siku husika ni la lazima, na linalofaa zaidi ni jedwali la mikondo, maana maji ya ufuoni yanaweza kuwa yameshaanza kupungua na mkondo wa katikati bado unaingia. Idara ya serikali ya Marekani ya bahari na anga, NOAA, hutoa majedwali yote mawili. Mimi huchagua saa mbili ambazo mkondo unaanza kupata nguvu baada ya kutulia, na kama saa hizo zinaangukia alfajiri, sihitaji ushawishi zaidi.

Samoni wa Pasifiki wako wa aina kadhaa, na kwa mvuvi wa ufuoni wawili ndio wenye uzito. Wa kwanza ni samoni wa waridi, mdogo kuliko wote, kwa kawaida kilo 2 hivi. Maisha yake ni ya miaka miwili kamili: anazaliwa, anakwenda baharini, anarudi, anataga, anakufa. Kwa kuwa hakuna anayechelewa wala kuwahi, ukoo wa miaka witiri na ukoo wa miaka shufwa havikutani kamwe hata katika mto mmoja. Katika Puget Sound ni ukoo wa witiri uliostawi. Mwaka 2023 na 2025 walikuja kwa wingi, na wanaofuata ni wa 2027. Anza kuwatazamia mwanzoni mwa Agosti. Wa pili ni koho, mwenye mzunguko wa miaka mitatu, kilo 3 hadi 5, mwenye kasi na hasira, anayefika kwa wingi mwishoni mwa Agosti na Septemba. Chinuku, mkubwa kuliko wote, hupatikana ufuoni pia, ila uvuvi wake una vizuizi vingi. Chamu huja majani ya miti yakishapukutika.

Vifaa si vingi. Fimbo ya urefu wa mita 2.7 hivi inatosha, yenye ncha laini ya kurusha chambo cha gramu 30 hadi 45. Rili ya kawaida ya kuzungusha uzi, uzi mwembamba wa kusuka, na mbele yake kipande cha uzi wa nailoni kinachostahimili kusuguliwa na mawe. Chambo ninachomshauri anayeanza ni Buzz Bomb, kilichobuniwa British Columbia nchini Kanada. Ni kipande cha risasi chenye umbo la almasi, kimetobolewa katikati, na uzi unapita ndani ya tundu kwenda kufungwa kwenye ndoana iliyo nyuma yake. Kikizama hakianguki wima. Hupepesuka na kuzunguka kama samaki aliyejeruhiwa, na mtetemo wake husafiri majini. Pia, samoni akinasa, ile risasi huteleza juu ya uzi na kumwacha na ndoana pekee mdomoni, hivyo akitikisa kichwa hana uzito wa kumsaidia kuitema. Kwa samoni wa waridi, chagua rangi ya waridi. Samaki huyu hula zaidi viumbe vidogo jamii ya kamba, wala mvuvi yeyote wa Whidbey hatakubishia juu ya rangi hiyo.

Kabla ya kuingiza mguu majini, tupa mara kadhaa ukiwa pakavu, tena sambamba na ufuo. Wengi huingia mpaka mapajani, wakarusha kwa nguvu zao zote, na samaki wakapita nyuma ya visigino vyao. Chambo kikishatua, kiache kizame huku umeukaza uzi kidogo, kisha inua ncha ya fimbo, ishushe, kunja uzi uliolegea, inua tena. Samoni hugonga zaidi chambo kinaposhuka, na mara nyingi hutasikia kishindo chochote; utaona tu kwamba uzi umesimama pale ulipopaswa kuendelea kuzama. Hapo kaza mara moja. Samoni wa waridi hupenda mwendo wa taratibu wenye vituo. Koho hupenda kukimbizwa: ukiona kivuli kinafuata chambo bila kukigusa, ongeza kasi, usipunguze. Ukiwaona wanaruka, tupa mbele ya njia yao. Aliyeruka alikuwa safarini, na mduara aliouacha juu ya maji tayari yuko mbali nao.

Sheria ya samoni katika maji haya inataka ndoana zisizo na kijino. Kwa hiyo uzi ukilegea kwa sekunde moja, samaki amekwenda. Mvute kwa kuinamisha fimbo kando, mfuate ufuoni akikimbia, na akichoka tumia wimbi linalokuja kumsogeza kwenye kokoto. Sili huwa karibu, na wao hawangoji samaki achoke.

Halafu tazama kabla ya kushika. Koho wengi wa mabanda ya kuzalishia samaki hukatwa wakiwa wadogo lile pezi laini la mafuta lililo mgongoni karibu na mkia. Aliye nalo bado ni wa mwituni, na misimu mingi ni lazima arudishwe. Mwache majini, chomoa ndoana kwa koleo, aende. Koho ana madoa kwenye nusu ya juu ya mkia tu na ufizi mweupe. Chinuku ana madoa mkia mzima na ufizi mweusi. Samoni wa waridi ana madoa makubwa ya umbo la yai mkiani na magamba madogo mno. Anayeshindwa kuwatofautisha hana budi kumwachia kila mmoja mpaka ajifunze.

Uzembe wa usalama hausameheki hapa. Maji ya Admiralty Inlet mara nyingi hayafiki nyuzi 15 hata katikati ya kiangazi, na mawe ya chini yamevaa mwani unaoteleza. Hatari ambayo wageni hawaitarajii ni meli za makontena zinazokwenda Seattle na Tacoma. Meli hupita mbali, kimya, nawe unaisahau. Dakika kadhaa baadaye mawimbi yake yanafika mfululizo ufuoni na kumwangusha aliyesimama kiunoni. Ukiona meli imepita, toka majini, ungoje.

Linabaki swali la mahali pa kusimama, ambalo ni gumu kuliko la boti. Tangu 1889 hadi 1971 jimbo la Washington liliuza ardhi ya ufuo inayofunikwa na maji, na leo zaidi ya nusu ya fuo za Puget Sound ni mali ya watu binafsi. Huwezi kuambaa na pwani utakavyo. Wenyeji wa asili wana haki nyingine, ya zamani zaidi: mkataba wa Januari 1855, uliotiwa saini palepale Point No Point, uliwahifadhia S'Klallam, Skokomish na Chimakum haki ya kuvua katika maeneo yao ya siku zote. Mwaka 1974 jaji George Boldt aliamua kwamba mikataba ya aina hiyo inawapa makabila nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa, na leo wao na jimbo hupanga misimu pamoja. Kila anayerusha chambo Point No Point anapaswa kulijua hilo.

Kwa Wakenya, Wakongo na Watanzania wanaoishi katika miji ya Kent na Tukwila, hakuna haja ya kuanzia mbali. Ufuo wa Redondo na gati la Dash Point viko jirani, viko wazi kwa umma, na mwaka wa witiri samoni wa waridi wanaokwenda Puyallup hupita mbele yake. Nunua leseni ya maji ya chumvi pamoja na kadi ya kuandikia samaki, uandike kila samoni unayemchukua papo hapo kwa kalamu ya wino, na usome tangazo la idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo asubuhi hiyohiyo kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu eneo lililokuwa wazi jana linaweza kufungwa leo.