Lori la dizeli likigoma kuwaka kwenye baridi: Mambo ya kuangalia kabla ya kununua kifaa cha kubusti betri

Mwanza. Lori linaondoka Mwaloni Kirumba likiwa na shehena ya dagaa wa kwenda Tunduma. Mwanza linawaka kwa stata moja tu. Siku mbili baadaye, alfajiri ya Julai pale Makambako, dereva anazungusha ufunguo na kinachosikika ni "tiki tiki tiki", kisha kimya.

Hapo dereva na utingo wake hawana ujanja. Lori lenye tani 10 halisukumwi kwa mikono, fundi wa alfajiri anataja bei anayotaka, na mteja mpakani anapiga simu kila nusu saa.

Ndiyo maana madereva wengi siku hizi wanatembea na kifaa cha kubusti betri, kile kiboksi chenye vibanio viwili, chekundu na cheusi. Shida ni kwamba madukani viko kibao, vimeandikwa namba kubwa kubwa, na vingi havina uwezo wa kuwasha lori. Ukikosea kuchagua, imekula kwako.

Haya ndiyo ya kuzingatia.

Kwa nini baridi inaitesa dizeli?

Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ya petroli. Yenyewe hubana hewa hadi ipate moto mkali, ndipo mafuta yanapopulizwa na kuwaka. Kwa hiyo stata inahitaji nguvu nyingi ya kuzungusha injini, na kwa kasi ya kutosha.

Baridi inaharibu mambo matatu kwa mpigo: oili inakuwa nzito, hewa inayobanwa inachelewa kupata joto, na betri yenyewe inapungua nguvu. Kwenye nyuzi joto 0, betri ya kawaida ya maji hupoteza takriban theluthi moja ya nguvu zake za kuwasha.

Mwanza hakuna baridi ya hivyo. Lakini msimu wa kipupwe, Juni hadi Agosti, maeneo ya Nyanda za Juu Kusini kama Njombe na Makete yanaweza kushuka chini ya nyuzi 5, na Kitulo hupata hadi sakitu. Malori yanayotoka Kanda ya Ziwa kwenda Mbeya, Tunduma na hadi Zambia kwa njia ya Iringa yanapita ukanda huo.

Joto ndilo linaloua, baridi inatangaza msiba

Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Betri inayokufa Makambako mara nyingi ilianza kuumia Mwanza, Shinyanga au Singida. Joto kali hukausha maji ya betri na kuchakaza sahani zake za risasi taratibu. Kwa kuwa kwenye joto injini inawaka kirahisi, dereva hashtuki. Baridi ya kwanza ndiyo inayomuumbua.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela dukani, pima betri kwa mita lori likiwa limelala usiku mzima. Betri moja ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu, na ikiwa 12.0 au chini, imechoka au haijachajiwa. Kama injini inaunguruma na lori la volti 24 linasoma chini ya 27, tatizo linaweza kuwa alteneta, na hapo kifaa cha kubusti hakitakuokoa kila asubuhi.

Jambo la 1: Volti 12 au 24?

Hili ndilo swali la kwanza na la mwisho. Malori mengi makubwa, kama Scania na Fuso Fighter, hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo. Vifaa vingi vidogo vinavyouzwa madukani ni vya volti 12 tu. Hata kikiandikwa ampea 3,000, kifaa cha volti 12 si cha kuwashia lori la volti 24.

Kuwa makini pia na magari ya kati. Canter na Dyna kutoka Japani, nyingine ni volti 24 na nyingine 12. Usihesabu betri na kukata shauri, kwa sababu kuna magari yenye betri mbili zilizoungwa sambamba na bado ni volti 12. Pima.

Kuna vifaa vyenye swichi ya 12 na 24. Ni vizuri kwa mwenye magari mchanganyiko, lakini swichi ikikaa 24 kwenye gari la 12, unaweza kuunguza kompyuta ya gari na vifaa vingine vya umeme.

Jambo la 2: Usidanganywe na "ampea za juu"

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ampea za kilele, yaani umeme unaotoka kwa kufumba na kufumbua. Stata inahitaji umeme unaoendelea kwa sekunde kadhaa. Uliza ampea za kuwashia, siyo za kilele.

Hesabu ni nyepesi. Stata ya kilowati 5 kwenye volti 24 inakula zaidi ya ampea 200 ikiwa tayari inazunguka, na pale inapoanza tu inavuta mara kadhaa ya hapo. Baridi inaongeza mzigo huo.

Angalia pia ukubwa wa injini unaotajwa kwa dizeli. Maduka hupenda kutaja lita za petroli kwa sababu namba yake ni kubwa. Injini ya Fuso Fighter inazidi lita 7, na Scania nyingi zina karibu lita 13. Kama kifaa kimeandikwa dizeli lita 6, hicho waachie wenye pikapu.

Jambo la 3: Lithiamu, risasi au kapasita?

Vya lithiamu ni vyepesi na vinakaa na chaji muda mrefu. Udhaifu wake ni joto. Kibini ya lori lililoegeshwa juani inaweza kuwa tanuri, kwa hiyo usikiache juu ya dashibodi. Kwenye baridi nacho hupungua nguvu, hivyo ukilala Njombe kiweke ndani ya kibini karibu na unapolala, siyo kwenye boksi la vyuma la nje.

Vya betri ya risasi ni vizito na vinataka kuchajiwa mara kwa mara, lakini fundi yeyote anavielewa na betri yake hubadilishwa.

Vya kapasita havina betri ndani. Vinanyonya chaji kidogo iliyobaki kwenye betri yako iliyochoka, vinaikusanya kwa dakika chache, kisha vinaiachia kwa mkupuo. Vinavumilia joto na baridi na vinadumu miaka mingi. Ila kama betri imekufa kabisa, vinahitaji pa kuchajia kwingine. Bei yake nayo imechangamka.

Jambo la 4: Kinga ya kugeuza waya

Usiku wa giza, mikono imekufa ganzi, ni rahisi kubana chekundu pa cheusi. Chagua kifaa kinachokataa kutoa umeme ukikosea. Angalia pia unene wa waya. Waya mwembamba unapata moto na kupoteza umeme kabla haujafika kwenye stata. Dai risiti ya EFD na garantii, na ikiwezekana kijaribu kwenye lori lako kabla hujaondoka.

Namna ya kukitumia

Zima taa, redio na kila kinachokula umeme. Safisha vichwa vya betri kama vina ukungu mweupe.

Kwenye lori la volti 24, bana chekundu kwenye chanya ya betri ya kwanza, ile inayokwenda kwenye stata. Cheusi kibane kwenye chuma kisicho na rangi cha injini au chesesi, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Hakikisha hujabana betri moja peke yake. Fuata pia mwongozo wa kifaa, kwani vingine vina maelekezo yake.

Subiri plagi za kupasha joto zimalize kazi, kama lori linazo. Piga stata si zaidi ya sekunde 10. Isipowaka, pumzika dakika 2 au 3 ndipo ujaribu tena. Kupiga mfululizo kunaunguza stata na kumaliza kifaa.

Kosa linaloua betri kimyakimya

Malori mengi ya volti 24 yamefungwa redio au chaja ya simu ya volti 12 iliyochukua umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili. Betri hiyo inachoka kila siku, na mwenzake anachajiwa kupita kiasi. Matokeo yake zote mbili zinakufa mapema. Mwambie fundi umeme afunge kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili.

Mwisho, kichaji kifaa chako angalau kila baada ya miezi mitatu hata kama hujakitumia, na kikague siku moja kabla ya safari. Kifaa kisicho na chaji Makambako ni mzigo mwingine tu juu ya dagaa.