Mkataba wa miaka miwili mezani: ndoa za Kinama na safari ya Uarabuni

UKIPITA Kinama jioni siku hizi, utakuta habari za safari zimechukua nafasi ya mpira na siasa. Nani amepata paspoti, nani ameitwa kupimwa afya, nani ndege yake ni wiki ijayo. Zamani maswali hayo aliulizwa mwanamume. Sasa anayeulizwa mara nyingi ni mwanamke, na si msichana tu. Ni mke wa mtu, mwenye watoto shuleni na mume anayelala nyumbani kila siku.

Wanaume walitangulia. Mwaka 2018, baada ya Burundi kuondoa utambuzi wake kwa Kosovo, Serbia iliwafungulia Warundi mlango wa kuingia bila viza. Kwa miaka kama minne hivi Belgrade likawa jina la kawaida mitaani kwetu kama Kigoma au Uvira. Watu waliuza viwanja, pikipiki na hata bati za nyumba wapate tiketi, na waliofika hawakukaa Serbia. Wengi waliendelea kwa miguu na magari ya magendo kuelekea Croatia, kisha Ubelgiji. Tarehe 21 Oktoba 2022 Serbia ikarudisha viza, na mlango ukafungwa. Walioachwa nyuma ni wake. Baadhi yao walipotaka kuwafuata waume zao ndipo walipogundua kwamba kule Ulaya hakuna anayekubali neno la shangazi aliyeshuhudia mahari. Kinachotakiwa ni cheti cha ndoa cha serikali. Wengi tunakumbuka jinsi watu walivyonuna mwaka 2017, Rais Pierre Nkurunziza alipoagiza wanaoishi pamoja bila ndoa wahalalishe kabla ya mwaka kwisha. Nami niliona ni kuingilia vyumba vya watu. Lakini najua familia ambazo cheti kile cha harusi ya haraka haraka ndicho karatasi pekee ya thamani waliyo nayo leo.

Mlango wa akina mama ulifunguliwa kwa njia nyingine. Tarehe 3 Oktoba 2021 Burundi na Saudi Arabia zilitia saini mikataba ya ajira, mmoja wao ukihusu wafanyakazi wa nyumbani. Kabla ya hapo wanawake walikuwa wakipelekwa Oman, Kuwait na Saudi Arabia kwa kificho, wengi wakitoka mitaa ya watu wa hali ya chini hapa Bujumbura, ingawa tangu Oktoba 2014 nchi ina sheria inayokataza biashara ya binadamu. Baada ya makubaliano yale, safari ikawa na ofisi, muhuri na risiti. Jambo lililokuwa siri ya mwanamke na dalali likawa jambo la kuzungumzwa sebuleni, mume akiwapo.

Majirani zangu wawili waliniletea mkataba niwasomee, kwa kuwa uliandikwa Kiarabu na Kiingereza, na wao wanasoma Kiswahili na Kirundi. Mume anafanya biashara ya mchele na mafuta ya kula kutoka Kigoma kupitia Manyovu na Mugina. Mke anauza ndagala. Wote wawili walikulia kambini Tanzania, wakaoana Mtabila, na kurudi nyumbani kabla kambi ile haijafungwa Desemba 2012. Mshahara ulioandikwa ni riyali 900 kwa mwezi. Riyali ya Saudi Arabia imefungwa kwenye dola tangu 1986 kwa kiwango cha 3.75, kwa hiyo hizo ni dola 240, na kwa miezi 24 ni dola 5,760. Mume alikuwa ameshapiga hesabu hiyo kabla hajafika kwangu. Mke hakuwa akitazama upande wa mshahara.

"Mama watoto, sisi tumezoea haya," mume akamwambia. "Nilipokuja kuangalia shamba la wazee nilikuacha Mtabila miezi minane. Mbona ulivumilia?"

"Nilivumilia kwa sababu ulikuwa ukitaka kurudi unarudi," mke akajibu. "Baba watoto, kule nitaomba ruhusa kwa nani?"

Mume hakujibu, na nadhani swali lile ndilo watu wengi wa Kinama wanaliruka. Sisi tuliorudi kutoka Tanzania, na wenzetu wanaovuka mipaka kila wiki, tunajiona mabingwa wa kutengana. Mtaa wenyewe ulihamwa na watu mwaka 1995 wakati wa vita, na wapo waliokaa nusu ya ndoa yao mume akiwa upande huu na mke upande ule. Familia nyingi za wakimbizi zilijigawa kwa makusudi. Mmoja alitangulia kuangalia kama ardhi bado ipo na kama jirani ana nia njema, wengine wakabaki na kadi ya mgao. Mfanyabiashara naye anamwacha mke Jumatatu, anakwenda Kobero, mzigo unakwama forodhani, anarudi Ijumaa badala ya Jumatano. Hata mpaka wa Rwanda ulipofungwa Januari 2024, waliokuwa ng'ambo walitafuta njia ya kuzunguka wakafika. Kutengana huko kote kuna kitu kimoja ndani yake. Aliyeondoka ana uamuzi wa kurudi mikononi mwake, hata kama atarudi mikono mitupu.

Mkataba wa kazi za ndani Uarabuni haufanani na hayo. Muda wake wa kawaida ni miaka miwili, na kwa kanuni za Saudi Arabia likizo ya mwezi mmoja yenye malipo inapatikana baada ya miaka hiyo miwili kwa anayeendelea na kazi. Hakuna Krismasi wala Idi ya kuja nyumbani katikati. Kibali cha kukaa kinamtegemea mwajiri, utaratibu ambao wenyewe wanauita kafala. Machi 2021 Saudi Arabia ililegeza mambo, mfanyakazi wa kampuni akaruhusiwa kubadili mwajiri na kujiombea mwenyewe kibali cha kutoka nchini, lakini mageuzi hayo hayakumhusu mfanyakazi wa nyumbani. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2024 zinasema kazi isizidi saa kumi kwa siku na kuwe na siku moja ya mapumziko kila wiki. Ni maneno mazuri. Kuyatekeleza ndani ya nyumba ya mtu, nyuma ya geti, ni suala lingine, na aliyewahi kuajiri mtumishi hapa Bujumbura anaelewa vizuri ninachosema.

Kwa hiyo mke alipouliza ruhusa ataomba kwa nani, alikuwa ameuelewa mkataba kuliko mimi niliyekuwa nausoma. Mtoto akiugua, mama mkwe akifariki, mume akianza kusikika na mwanamke mwingine mtaani, mfanyabiashara wa Mugina atageuza gari. Yeye atasubiri tarehe. Wanandoa wanaopima safari hii inafaa waulizane kwanza watafanya nini mwezi wa tisa, mmoja wao atakapotaka kurudi na asiweze.

Baada ya hapo ndipo pesa. Nazo zina mambo yake, hasa kwetu. Mei 2023 Benki Kuu, BRB, ilishusha thamani ya faranga, dola ikapanda kutoka takriban 2,090 hadi zaidi ya 2,800. Kwa kiwango cha 2,800, zile dola 240 ni faranga 672,000. Lakini mwaka 2024 bei ya mtaani ilikwenda zaidi ya mara mbili ya bei ya benki. Maana yake dola zilezile zikipita benki ni mshahara mmoja, na zikipita mkono wa mtu ni mishahara miwili. BRB ilifunga ofisi za kubadili fedha Februari 2020, ikaziruhusu tena Oktoba 2022, na muda wote huo watu waliendelea kubadilishana wanavyojua.

Wasomaji wa mpakani wanaijua njia yenyewe. Mfanyabiashara anataka dola za kulipia mzigo Kigoma au Dubai. Mwanamke aliyeko Riyadh anazo dola. Anampa mtu wa mfanyabiashara kulekule, na mfanyabiashara anamkabidhi mume faranga hapa Kinama, taslimu au kwa Lumicash. Hakuna pesa iliyovuka mpaka. Kwa wote wawili ni faida, ila ni kinyume cha sheria, na siku mfanyabiashara akipata hasara au akikamatwa na mzigo, hakuna ofisi ya kushtaki. Nimewasikia wanawake wakisema wanapendelea njia hiyo kwa sababu ya bei. Nimewasikia pia waume wakiipenda kwa sababu nyingine, kwamba haiachi karatasi. Mke hawezi kujua kama zilizofika ni 1,400,000 au ni 1,000,000, maana bei ya siku ile anaambiwa kwa simu na mtu yuleyule aliyepokea.

Hapa sitaki kuwaonea wanaume. Anayebaki na watoto watatu, akapika, akafua, akacheka na watu wanaomwita mke wa nyumba, naye anafanya kazi isiyoandikwa kwenye mkataba wowote. Biashara yake ya mpakani inapungua, kwa sababu hawezi tena kulala Mugina. Kama mapato yake yanashuka kwa kiasi kile mke anachotuma, basi familia imetengana bila faida, na hesabu ya dola 5,760 ni ya uongo. Sijaona wanandoa wengi wakitoa gharama hiyo kwenye hesabu yao. Wanajumlisha tu.

Lakini sheria yetu imemwelekea mume. Kanuni ya watu na familia ya mwaka 1993 inamtaja yeye kuwa mkuu wa familia, na mpaka leo hakuna sheria ya urithi inayompa mwanamke fungu lake, urithi unafuata mila. Ndiyo maana pesa ya Uarabuni ikijenga nyumba kwenye shamba la baba mkwe huko mlimani, mke amejenga kwa watu. Akiachwa, au mume akifariki na shemeji wakageuka, anaondoka na masanduku. Kiwanja cha kununua, Carama au Gahahe, ni habari nyingine, kwa sababu kina hati ya mauzo na hati inaandikwa majina. Niliwaambia majirani zangu kwamba swali la majina hayo lisingoje pesa ifike. Pesa ikishafika kila mtu anakuwa na washauri.

Walikaa nalo wiki tatu. Nilisikia sauti zao usiku mara mbili, na mara moja mke alilala kwa dada yake Kamenge. Mwishowe hawakuja kwangu. Walimwita mzee mmoja wa bashingantahe na mama mkwe, wakaandika kwenye daftari la shule la mtoto wao mkubwa. Pesa itatumwa kwa namba mbili, nusu ya mume kwa chakula na ada, nusu ya dada wa mke hadi itoshe kiwanja. Hati ya kiwanja itakuwa na majina yao wawili. Mume hatavuka mpaka zaidi ya usiku mmoja kwa wiki, na usiku huo bibi atalala na watoto. Mke asiposikika siku kumi, mume ataanzia kwa wakala aliyempeleka, kisha OBEM, ofisi ya serikali inayoshughulikia ajira, kisha ubalozi wetu wa Riyadh, na namba zote ziandikwe kwenye daftari hilohilo. Nakala ya mkataba na ya paspoti ibaki nyumbani.

Mama mkwe alipinga jambo moja, lile la nusu kwenda kwa dada. Alisema mke anayeficha pesa kwa ndugu zake ameshaondoka kabla ya ndege. Mzee akamjibu kwamba pesa iliyoandikwa mbele ya mashahidi haijafichwa. Yule bibi hakuridhika, na nijuavyo mimi hajaridhika mpaka sasa. Ila aliweka dole gumba.

Majibu ya vipimo vya afya yametoka na mke amefaulu. Mume ameanza kujifunza kusuka nywele za binti yao wa miaka sita, kazi anayoifanya mlangoni bila kujificha, na vijana wa baiskeli wakipita wanamsalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Naye anawaitikia, kichana kikiwa mdomoni. Mke anaendelea kuuza ndagala zake sokoni kama kawaida, kwa sababu wakala hajawapa tarehe ya ndege.