Hobi kwenye wasifu: andika unachofanya

Wasifu mwingi unaochapwa kwenye steshenari za Mwanza huishia kwa mstari uleule: kusoma vitabu, kusafiri, kuangalia mpira, kubadilishana mawazo. Faili moja hutumika kwa waombaji wengi, na mchapaji hubadilisha jina, shule na namba ya simu tu. Msaili mwenye rundo la bahasha mezani hawezi kumtofautisha yeyote kwa mstari ambao kila mtu anao, ndiyo maana wapo wanaoshauri ufutwe kabisa. Lakini kabla ya kuufuta, tutazame kasoro yake iko wapi. Mwombaji ametaja anachopenda. Mwajiri anataka kujua anachofanya.

Usukumani, starehe na kazi hazijawahi kukaa mbalimbali. Ngoma ya bugobogobo huchezwa kwa majembe, na chimbuko lake ni vikundi vya vijana waliolima pamoja kwa kufuata mdundo wa ngoma. Katika sherehe za Bulabo pale Bujora, Kisesa, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hushindana kuvuta watazamaji, na kundi hupimwa kwa umati linaoukusanya. Kundi la namna hiyo halijiendeshi. Anayeandika “napenda ngoma za asili” hajasema kitu. Anayeandika kwamba kwa miaka mitatu amepanga mazoezi ya wachezaji 15, akatafuta usafiri na kugawa malipo, ameeleza kazi ya msimamizi. Hali kadhalika mpira. “Mweka hazina wa timu ya mtaa, Igoma, tangu 2022, nakusanya michango ya wachezaji 22 na kusoma hesabu kila mwezi” ni mstari utakaomfaa mhitimu anayeomba ukarani katika kiwanda cha minofu ya sangara, hasa kama hajawahi kuajiriwa popote.

Kipingamizi kizito ni kwamba hobi hufungua mlango wa ubaguzi, na ushahidi upo. Mwaka 2016 watafiti Lauren Rivera na András Tilcsik walichapisha matokeo ya jaribio lililotuma maombi ya kubuni kwa ofisi 316 za mawakili nchini Marekani. Elimu ya waombaji ilikuwa moja. Dalili za tabaka ndizo zilizotofautiana. Wanaume waliotaja mambo ya kitajiri, kama mashua za tanga na muziki wa klasiki, waliitwa kwenye usaili kwa takriban asilimia 16. Waliotaja mpira wa kujichezea na muziki wa kantri hawakufika asilimia 2. Wanawake wenye hobi zilezile za kitajiri hawakufika hata asilimia 4. Ila tanga hilohilo, likipandishwa Ukerewe, humwambia mtazamaji habari ya mvuvi anayetafuta riziki. Maana ya hobi, basi, hutoka kwa msomaji, na jina tupu humwachia nafasi yote ya kukisia. Kitendo chenye muda, idadi na wajibu hupunguza kukisia huko, ingawa hakikuondoi.

Kwa sababu hiyo busara haina budi kutangulia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa dini, kabila na jinsi, hata kwa mwombaji ambaye bado hajaajiriwa, lakini haimsimamii msaili anapopitia karatasi peke yake. Aliyetunza fedha za kwaya ya kanisa anaweza kuandika “mweka hazina wa kikundi cha waimbaji 40”. Hajadanganya, na imani yake amebaki nayo.

Wengine watasema mfumo wa maombi ya kazi serikalini unahitaji vyeti, uzoefu na wadhamini, si mambo ya ngoma. Ni kweli, na huko mtu ajibu alichoulizwa. Mwenye uzoefu wa miaka kumi naye hahitaji kujazia ukurasa. Ila kijana anayepeleka bahasha hotelini, kiwandani au kwenye shirika binafsi ajiulize jambo moja: yupo nani anayeweza kupigiwa simu akathibitisha mstari huu? Akiwepo nahodha wa timu au kiongozi wa kikundi, mstari ubaki. Asipokuwepo, ukurasa uishie kwa wadhamini.