Mtambo umezimwa, jivu lingali bondeni

MTU aliyelitazama bwawa la Little Blue Run kutoka angani miaka michache iliyopita huenda alidhani ameona kipande cha bahari kilichopotelea milimani. Maji yake yalikuwa ya samawati inayong'aa, rangi isiyoonekana katika mito ya kawaida ya eneo hilo. Lakini bwawa hilo, lililo kwenye mpaka wa majimbo ya Pennsylvania na West Virginia nchini Marekani, karibu na mto Ohio, si la kuvua samaki wala kuogelea. Ni dampo la jivu la makaa ya mawe, na hutajwa kuwa kubwa zaidi ya aina yake nchini humo.

Makaa ya mawe hayateketei yote yanapochomwa. Jivu zito hubaki chini ya tanuri, na lile jepesi hupaa pamoja na moshi. Ndani yake mna aseniki, risasi, zebaki na boroni, vitu vilivyokuwa vimetawanyika kidogo kidogo ndani ya makaa. Makaa yakishateketea, vingi vya vitu hivyo hubaki katika kiasi kidogo cha jivu, na hivyo makali yake huongezeka.

Jivu la Little Blue Run lilitoka katika mtambo wa Bruce Mansfield, ulioanza kuzalisha umeme mwaka 1976 huko Shippingport. Mtambo huo ulisifiwa kwa usafi. Ulikuwa miongoni mwa mitambo ya kwanza Marekani kujengwa ukiwa na vifaa vya kusafisha moshi tangu mwanzo. Moshi ulipitishwa katika maji yenye chokaa, salfa ikanaswa, na waliovuta hewa hiyo wakapata nafuu.

Kilichonaswa, hata hivyo, hakikutoweka. Kiligeuka tope, likachanganywa na jivu na kusukumwa kwa bomba umbali wa kilomita 11 hivi hadi bonde lililokuwa na kijito. Bonde lilizibwa kwa ukuta wa udongo na mawe wenye kimo cha mita 120 hivi. Yaani, uchafu uliozuiwa kupanda juu ulitafutiwa njia ya kuteremka chini. Hata rangi ile ya kupendeza ilitokana na chembe za madini zilizoelea majini na kuutawanya mwanga.

Kosa kubwa lilikuwa sakafuni. Bonde halikutandikwa kitu cha kuzuia maji kupenya ardhini. Wakazi wa kandokando walianza kulalamika kuhusu maji yaliyochipuka katika nyua na mashamba yao, na kuhusu harufu mbaya. Wengine waliingiwa na shaka juu ya visima vyao. Mwaka 2012 kundi la wakazi lilitoa ilani ya kwenda mahakamani. Muda si muda, idara ya mazingira ya Pennsylvania ikawasilisha kesi yake, ikitaja salfeti, kloridi na aseniki katika maji ya ardhini. Kampuni iliyomiliki bwawa ilikubali kulipa faini ya dola 800,000 na kuacha kumwaga tope humo kufikia mwisho wa 2016.

Hofu nyingine ilikuwa ukuta wenyewe. Usiku wa Desemba 22, 2008, kingo za hifadhi ya jivu huko Kingston, jimbo la Tennessee, ziliporomoka. Zaidi ya mita milioni 4 za ujazo za tope zilifunika takriban ekari 300, zikaharibu nyumba na kuziba sehemu ya mto Emory. Hakuna aliyefariki usiku huo. Usafishaji uligharimu zaidi ya dola bilioni moja, na wafanyakazi wengi waliozoa jivu hilo baadaye walienda mahakamani wakidai lilikuwa limewaletea maradhi.

Baada ya mkasa huo, serikali kuu ilikagua mabwawa ya jivu kote nchini. Little Blue Run liliwekwa katika kundi la hatari kubwa. Maana yake si kwamba ukuta ulikuwa karibu kubomoka, bali kwamba ukibomoka, kuna uwezekano wa watu kufa. Kanuni za kwanza za kitaifa kuhusu jivu hilo zilitolewa mwaka 2015, yapata miaka 40 baada ya bonde kuzibwa.

Mtambo wa Bruce Mansfield ulikuwa na uwezo wa takriban megawati 2,500. Ule uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, ambao kibali chake cha mazingira kilifutwa Juni 2019 na jopo la kusikiliza mizozo ya mazingira nchini Kenya, ungekuwa wa megawati 1,050. Jivu lake pia lilihitaji mahali pa kukaa.

Huko Shippingport, umeme ulikoma kuzalishwa Novemba 2019, na mwaka 2023 dohani za mtambo ziliangushwa kwa baruti. Bwawani kazi ingalipo: kufunika jivu kwa tandiko lisilopitisha maji, kuweka udongo na kupanda nyasi juu yake, kisha kuendelea kupima maji ya ardhini.