Chati ya njia ya kazi: anzeni na karatasi, ordinatere itafuata



Mahindi tunayopanda Novemba na Desemba yanakauka shambani kuanzia Aprili na Mei, halafu yanaanza kuingia depo. Hapo njo maswali yanaanza pia. "Nani alipima?" "Juu ya nini gunia yangu imerudishwa?" "Nani alikubali ile bei?" Mara nyingi hakuna mwizi. Kila mtu ana njia yake ya kazi kichwani, na njia hizo hazifanani.

Katika ukurasa huu tunaeleza chombo kimoja kidogo cha kusaidia: chati mtiririko, yaani mchoro unaoonyesha kazi hatua kwa hatua, tangu mwanzo mpaka mwisho. Tutaonyesha pia namna ya kuichora kwa ordinatere, na programu ambazo hazilipishwi.

Alama ni nne tu

Chati hizi si kitu kipya. Mwaka 1921, Frank na Lillian Gilbreth walionyesha mainjinia wa Marekani michoro ya kufuata kazi hatua kwa hatua. Tangu hapo viwanda, mabenki na hospitali vinaitumia. Kwa kooperative, alama nne zinatosha:

- Yai: mwanzo au mwisho wa kazi.
- Kisanduku: kitendo. Mfano: "Sekretere anaandika kilo katika kitabu."
- Almasi: swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana. Njia inagawanyika hapo.
- Mshale: kazi inaelekea wapi.

Mwanachama asiyesoma sana anaweza kufuata mshale kwa kidole, mtu mwingine akimsomea maneno machache. Kanuni zilizoandikwa kurasa kumi ni ngumu kufuata namna hiyo.

Kwanza karatasi, na watu wote

Msikimbilie ordinatere. Ketini pamoja: komite, mtu wa depo, kesie, na wanachama wawili watatu wanaoleta mahindi. Kila hatua iandikwe kwenye kipande chake cha karatasi, vipande vipangwe mezani au chini. Mtu akisema "hapana, hii inakuja mbele ya ile," kipande kinasogezwa, basi.

Tuchukue mfano wa mauzo ya pamoja:

1. Mwanachama anafika depo na mahindi. Hapa ni yai la mwanzo.
2. Sekretere anatafuta jina lake katika orodha.
3. Mtu wa depo anapima ukavu. Almasi: mahindi yamekauka? Kama hapana, mshale unarudi nyuma: mwanachama anaanika tena, halafu anapimwa upya. Kama ndiyo, anaendelea.
4. Mahindi yanawekwa kwenye balansi. Kipimo ni kilo, siyo meka. Mwenye mahindi anasoma balansi mwenyewe.
5. Sekretere anaandika kilo na kutoa risiti mbili: moja ya mwanachama, moja ya kooperative.
6. Mnunuzi anataja bei. Almasi: imefika bei ya chini iliyokubaliwa na mkutano? Kama ndiyo, tunauza. Kama hapana... nani anaamua?
7. Kesie anapokea pesa, komisyo ya uangalizi inalinganisha pesa na kilo za kitabu.
8. Kila mwanachama analipwa kwa risiti yake. Yai la mwisho.

Kwa hatua ya 3, kama hamna mashine ya kupima unyevu, chumvi inasaidia. Chukua chupa kavu, weka mahindi mpaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, unyevu umepita asilimia 15: mahindi yarudi juani. Isiposhika, yako chini ya hapo. Lakini kwa kukaa depo miezi mingi, tafuteni karibu asilimia 13, juu ya kuzuia ukungu na sumu yake.

Almasi isiyo na jina

Rudini sasa kwenye hatua ya 6. Tuseme mnunuzi amekuja na kamyo mwisho wa Agosti. Bei yake iko chini. Masomo yanaanza Septemba, wazazi wanataka makuta ya shule. Wengine wanasema tuuze, wengine wanasema tungoje. Prezidenti akiamua peke yake, atasemwa. Asipoamua, kamyo inaondoka.

Hilo swali lilikuwapo hata kabla ya chati, lakini lilijificha. Almasi inalileta mezani mwezi wa tatu, wakati hakuna mwenye hasira. Kwa hiyo tunashauri sharti moja: kila almasi iwe na jina la kazi ya mtu au chombo kinachojibu. Komite? Mkutano? Komite kwa sharti kwamba bei haikupita chini ya kiasi fulani? Ni ninyi mtakaochagua, ila chagueni mbele ya wakati.

Ulizeni vilevile mambo ya pesa: mnunuzi akilipa dola na wanachama wanapokea franka, tunafuata kiwango cha siku gani? Ya kuuza ao ya kulipa? Hicho nacho ni kisanduku chake.

Angalieni chati isipingane na sheria. Sheria ya OHADA ya kooperative, iliyopitishwa Lome tarehe 15 Desemba 2010, inafanya kazi katika nchi yetu tangu 12 Septemba 2012. Inatenganisha wanaoongoza na wanaoangalia. Ndiyo maana katika mfano wetu kesie anapokea, na komisyo inahakikisha. Kama majina yote ya visanduku ni ya mtu moja, simameni hapo kwanza, msomeni tena statuti yenu.

Sasa ordinatere

Wanachama wakikubaliana, chati ichorwe vizuri. Tunapendekeza programu mbili.

Ya kwanza ni draw.io, inayoitwa pia diagrams.net. Ni ya bure, ina Kifaransa, na haikudai kufungua akaunti. Inatumika kwa intaneti, lakini kuna ya kuweka ndani ya ordinatere, na hiyo inafanya kazi bila intaneti. Mkifika mjini Lubumbashi kwenye mtandao mzuri, ipakueni mara moja, murudi nayo.

Ya pili ni LibreOffice Draw. Ni ya bure pia na haihitaji intaneti. Alama za chati ziko chini ya "Organigrammes", mishale iko chini ya "Connecteurs".

Katika draw.io, fanyeni hivi:

1. Fungua mchoro mtupu, uupe jina lenye mwaka.
2. Upande wa kushoto, chukua yai, livute mpaka katikati ya ukurasa. Bofya mara mbili juu yake, andika maneno.
3. Peleka kipanya juu ya umbo. Mishale midogo inatokea pembeni. Vuta moja mpaka umbo linalofuata. Ukisogeza umbo, mshale unafuata wenyewe.
4. Kwenye kila mshale unaotoka kwa almasi, bofya mara mbili, andika "Ndiyo" ao "Hapana". Ukisahau hapo, chati haina kazi.
5. Umekosea? Bonyeza Ctrl na Z.
6. Hifadhi mara kwa mara, umeme unaweza kukatika wakati wowote. Halafu toa nakala ya PDF kwa kuchapisha, na ya PNG kwa kutuma WhatsApp.

Kuchora kwa telefone ndogo kunachosha. Telefone iwe ya kusoma chati, kuchora ni kazi ya ordinatere.

Mambo ya kukumbuka

Chati moja, kazi moja, ukurasa moja. Mbolea na mbegu ziwe na chati yao. Njia iende kutoka juu kwenda chini. Andikeni kazi ya mtu, siyo jina lake, kwa kuwa viongozi wanabadilika. Tumieni lugha ya mkutano: kama watu wanasema Kiswahili, paka Kiswahili.

Kisha bandikeni karatasi karibu na balansi, tarehe ya mkutano ulioikubali ikiwa chini yake. Siku mwanachama atauliza "juu ya nini gunia yangu imerudishwa?", mtu wa depo aonyeshe almasi na chupa ya chumvi. Na kila mwisho wa msimu, kabla ya mvua kurudi, isomeni tena pamoja. Hatua ambayo hakuna aliyeifuata mwaka mzima, itoeni ao mueleze kwa nini ibaki.