Mchoro Ni Wako, Hakimiliki Je?

Msanii wa Sigor, kaunti ya Bomet, anayeishi kwa kazi za oda hutegemea misimu. Bonasi ya majani chai inapoingia mwezi Oktoba, wenye maduka kutoka Bomet hadi Kaplong hukumbuka kupaka rangi na kuandikisha majina upya. Shule zikifungwa, walimu wakuu hutafuta mtu wa kuchora ramani kwenye kuta za madarasa. Nje ya hapo simu hunyamaza. Ndiyo maana kazi ikija, wengi hupanda ngazi wakiwa wamezungumzia bei tu. Hasara huanzia hapo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi mara tu kazi inapochukua umbo, hata asiposajili chochote. Lakini kifungu cha 31 kina sharti zito: kazi ikiagizwa na mteja, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa mteja huyo, ila kama mmekubaliana vinginevyo. Ukimchorea muuza maziwa nembo ya ng'ombe bila makubaliano, anaweza kuichapisha kwenye pakiti, fulana na magari, nawe huna dai la shilingi zaidi. Unachobaki nacho ni haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi na ya kupinga kazi yako kuharibiwa kwa namna inayokuvunjia heshima.

Si lazima umtafute wakili kwa kila ukuta. Ujumbe wa simu kabla ya kununua rangi unatosha kuanzia: “Mwalimu, tumekubaliana ramani ya Kenya, futi kumi kwa sita, ukuta wa darasa la nne. Rangi nanunua mimi. Nusu ya pesa kabla ya kuanza, nusu siku ya kumaliza. Shule itautumia mchoro ukutani. Hakimiliki inabaki kwangu. Tafadhali nijibu kama ni sawa.” Akijibu “sawa”, hifadhi jibu hilo. Nusu ya kwanza usiione kuwa ni kumdai mtu kabla ya wakati. Ndiyo inayonunua rangi, na mteja asiyeweza kuitoa leo ni vigumu aitoe yote baadaye.

Tia pia jina lako kwenye kazi. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis, na wimbo mmoja, Chemirocha, ukasikika duniani kote. Kati ya waimbaji wake, aliyeandikwa kwa jina ni mmoja, Chemutoi Ketienya, na wengine wote wakawa “wasichana” tu. Rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet mwaka 2015, miaka 65 baadaye. Kukosekana kwa majina hayo kunaniuma kila ninapoona ukuta mzuri usio na sahihi.

Kuhusu hesabu, nitasema machache. Pokea malipo kwa namba ya biashara iliyo mbali na pesa za nyumbani, uandike kila rangi na nauli. Peleka ritani ya kodi kwa Mamlaka ya Mapato (KRA) kabla ya Juni 30. Tangu Januari 2024, kampuni haiwezi kuhesabu gharama yake kwenye kodi bila ankara ya kielektroniki ya eTIMS, kwa hiyo msanii asiyeweza kuitoa anaweza kuachwa kando wateja wakubwa wanapogawa kazi.

Yote haya ni magumu kwa mtu mmoja. Mteja akisikia “nusu kwanza”, husema kuna kijana mwingine Longisa atakayeanza bila kitu. Na kweli yupo, kwa sababu hamjaketi pamoja. Wasanii wa eneo moja wakikutana hata mara moja kwa mwezi, wakakubaliana bei ya chini kabisa, sharti la nusu na namna ya kupeana kazi mmoja anapozidiwa, maneno hayo ya mteja hupoteza nguvu. Chama cha kuchangiana pesa kinaweza kuja baadaye. Anzeni na sharti la nusu. Shule zitafungwa tena. Waiteni wenzenu kabla ya walimu wakuu kuanza kupiga simu.